Ile Mwaka Maître Alikula kwa Shangazi Zena

Mwezi uliopita niko mu duka yetu ya vitambaa hapa Gitega, nimekaa juu ya robota ya vitenge sawa malkia asiye na kazi, nikaona mwanamuke mwenye mvi anaingia, na kijana mwenye suti anamubebea mukoba. Nikajua ni mutu wa serikali, juu watu wa serikali wanaingiaka mu duka sawa duka njo imekuja kuwatembelea. Akashika kitambaa nyeupe, akaivuta kidogo kuona kama inapasuka, akasema bila kuniangalia: "Mwajuma, bado unadanganya watu?" Nikamujibu: "Kila siku, Maître, isipokuwa Ijumaa." Njo vile tulionana tena na Maître Léocadie, na maître huku ni avoka, ni kusema wakili. Alikuwa anatafuta nguo ya kuvaa siku ya kuapishwa, juu wamemupa kiti kubwa mu mambo ya wageni na wakimbizi. Mume wangu akaleta chai, akatuuliza: "Nyinyi wawili mulijuana wapi?" Tukaangaliana, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka yule kijana wa mukoba akaona haya akatoka inje. Hakuna aliyemujibu. Basi mi namujibu leo.

Mambo ya baba na mama yangu naiacha. Inatosha ujue kama nyumbani walikuwa wamechoka mudomo yangu. Nilikuwa musichana, nasema toka adhana ya asubuhi mpaka watu wanalala, na wakilala naendelea na ukuta. Alors wakanituma Muyinga kwa shangazi Zena, eti nikamusaidie kupika. Kupika gani. Walitaka kupumuzika. Nilikaa kule mwaka moja, na nikikwambia kama ile mwaka njo ilinitengeneza, kwa mara moja uniamini.

Nyumba ya shangazi ilikuwa nyuma ya musikiti, fasi Waswahili wa Muyinga wanakaaka, kila mulango na cherehani ao na karai ya maandazi. Mbele ilikuwa na chumba moja fasi marehemu mume wake alikuwaka anaweka ndagala, dagaa kavu, za kuuza. Mume alikufa, ndagala ziliisha, lakini harufu ilikataa kuhama. Ile chumba njo Maître alikodi. Wakati ile alikuwa avoka kijana wa Gitega, kiatu ya kisigino, kazi yake kesi za wafanyabiashara. Alikuja Muyinga kwa miezi mitatu tu, juu watu walikuwa wanarudi mingi toka Tanzania, kila mutu na tatizo yake ya kuonyesha yeye ni wa wapi, na maavoka wengine hawakutaka kuja. Wenye nyumba nzuri walimukatalia, eti wateja wake wataingiza matope. Shangazi akamwambia: "Maître, mutu wa matope naye anakulaka chapati. Ingia." Basi dosye zake zote, makaratasi ya kesi, zikanuka ndagala. Ku tribinali juji alikuwa anajua dosye ya Maître mbele ya kuifungua, na paka tatu zilikuwa zinamusindikiza mpaka mu chumba ya kuhukumu, zinakaa chini sawa mashahidi. Mutu akikwambia ilikuwa paka mbili, huyo hakukuwepo.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na mpaka leo sijaona avoka mwingine anaifanya. Hakuulizaka mutu kitu mbele mutu hajakula. "Mwenye njaa anaitikia kila kitu," alisemaka. "Ukimuuliza ulizaliwa Tanzania, oui. Ukimuuliza ulizaliwa ku mwezi, oui." Basi mutu akifika, anapelekwa kwanza ku mukeka wa shangazi, mu chumba ya nyuma fasi moto inawaka, anapewa maharage na sombe ya majani ya mihogo na chapati. Watu wa kilima, ni kusema wa kijiji, wanaonaka haya kula mbele ya mutu wasiyemujua, kwa hiyo shangazi alikuwa anawageuzia mugongo, anasukuma chapati, anawasemesha toka kule. Maître naye anakaa pa kona na sahani yake, utafikiri amelala. Mi nilikuwa nacheka, nasema huyu avoka amekuja kunenepa. Kumbe anasikia kila kitu. Mutu akimaliza kula, kesi yake nusu imekwisha kusemwa.

Njo mu ile chumba aliingia Ciza. Aliingia kiangazi, mwembamba, na watoto wawili, mumoja mugongoni, mumoja ameshika sketi yake. Akapiga goti: "Shikamoo mama." Shangazi akasema: "Marahaba. Huyu amelelewa Tanzania," na Ciza alipopewa sahani akala vizuri mbele yetu bila kugeuka, shangazi akaongeza: "Na siyo karibu na mupaka, Tanzania ya ndani kabisa." Ciza akacheka. Ilikuwa kweli. Alilelewa Kahama na mama mumoja Musukuma. Kule njo aliolewa na kijana Murundi aliyekuwa analima tumbaku ya watu, wakarudi pamoja ku kilima ya mume, Giteranyi. Kisha mume akaugua tumbo, akafa. Mashemeji hawakungoja ata majani iote pa kaburi.

"Wamekwenda kusema mimi ni Mtanzania," Ciza alisema, sauti yake chini, anavunja chapati anampa mutoto. "Wamesema nirudi kwetu. Watoto wabaki, kwa sababu watoto ni wa kaka yao. Na shamba la watoto watalitunza wao."

"Watalitunza," shangazi alisema, anapiga chapati ku karai sawa anapiga shemeji.

"Nimeitwa kwenye ofisi ya wageni. Nimeambiwa nikishindwa kuonyesha baba yangu ni Mrundi, mvua ya kwanza isinikute hapa."

Shangazi akamuongezea maharage. Ile mutoto wa sketi alikuwa anakula, hajui kama tunasema mambo yake. Mu inchi yetu mutoto anafuata baba, baba akiwa Murundi na mutoto ni Murundi, na ile kanuni njo ilikuwa inataka kumunyanganya mama watoto wake, na ile ile kanuni njo ilikuwa inaweza kumuokoa, kama tu tungepata nani alikuwa baba yake. Alichokuwa anajua Ciza ilikuwa kidogo. Watu walikimbia vita kwenda Tanzania, mama yake akamuzaa njiani akafa, baba akafika Kahama mugonjwa. Mbele ya kufa alimwambia yule mama Musukuma maneno mawili: mi ni Yohana wa Butihinda, na huyu mutoto anaitwa Ciza. Basi. Yohana wa Butihinda. Butihinda ukirusha jiwe inapiga Yohana, inaruka inapiga Yohana mwingine.

Maître alimuchukua mara ya kwanza bila mi. Walizunguka vilima na ile Toyota yake, mulango wa kushoto umefungwa na kitenge, wakauliza kila fasi: munamujua huyu, ni mutoto wa Yohana aliyekimbia. Kila mutu alikuwa anamuangalia Ciza, kisha anaangalia migomba, anasema hapana. Maître alirudi magaribi, akavua kiatu ya kisigino, moja imevunjika, akakaa ku mukeka. "Wanaogopa," alimwambia shangazi. "Kila anayerudi wanafikiri amekuja kuuliza shamba. Mutu akisema namujua, ni sawa amesema njo, chukua." Alikuwa amekwisha kupokea ujumbe wa Gitega, wafanyabiashara wake wanamuuliza anarudi siku gani, miezi mitatu imekwisha. Nilimusikia anamwambia shangazi: "Hii nikiishindwa, sina kazi tena huku. Mi si avoka wa hawa watu." Shangazi hakumubembeleza. Alimuwekea sahani.

Siku ile pa chakula njo neno ilitoka. Shangazi alikuwa amegeuka ku moto, anamusemesha Ciza tu, sawa vile unasemesha mugeni, akamuuliza: "Na Bukuru na Butoyi wako, wao walibaki wapi?"

"Akina nani, shangazi?"

"Mapacha. Wale walikutangulia."

"Mimi sina ndugu. Nilizaliwa peke yangu."

Shangazi akageuka, na kijiko ya chapati mukononi. Maître akaacha kutafuna. Juu sisi Warundi wote, Mukristu, Muislamu, musomi, mujinga sawa mi, tunajua hii kitu tangu tuko mugongoni: mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na mutoto anayewafuata ni Ciza. Hakuna anayejiitia tu Ciza juu inasikika vizuri. Lakini Kahama nani angemwambia? Tangu arudi alikuwa anajibu kila mutu kama alizaliwa peke yake, na mu dosye ya Maître ilikuwa imeandikwa vile vile. Na Maître mwenyewe, na masomo yake yote, alikuwa anaiangalia ile jina kila siku sawa unaangalia mulango ya nyumba yako, huioni tena. Akajishika kichwa. "Donc Yohana alizaa mapacha," alisema polepole. "Zena, mutoto mumoja watu wanaweza kumusahau. Mapacha kilima inasahauka?"

"Isahau vipi," shangazi alisema, "na zile matusi?"

Hapa nieleze kwa wasiojua. Zamani mapacha wakizaliwa, kilima yote inakuja kucheza, na nyimbo zenyewe ni matusi. Siyo matusi ya hasira, ni matusi ya furaha, unamutukana baba ya mapacha, unamutukana mama, na jina unaitaja, na mambo ya usiku unayasema mchana. Siku hizi makanisa na misikiti haipendi, watu wameiacha ao wanajificha. Mi nilikuwa nazisikia tu kwa bibi mumoja jirani, na nilikuwa nimezishika zote, juu kitu kibaya hainipitiaka.

Maître akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza mutu aniangalie vile, sawa niko na faida. "Mwajuma, kesho unakwenda na sisi. Kazi yako ni moja. Usiulize mutu kitu. Sema tu."

Sijawahi kupewa amri tamu hivi mu maisha yangu.

Tulifika Butihinda, ku kilima ya tatu fasi wanawake walikuwa wanakausha maharage. Maître na Ciza wakabaki nyuma, wanatengeneza mulango ya gari ambayo haikuwa na tatizo mpya. Mi nikakaa na wale wanawake, nikachukua maharage nikaanza kuchagua, nikaanza kusema. Niliwaambia kama sisi Gitega njo tunajua kucheza mapacha. Niliwaambia kuko mwanamume mumoja Giheta alizaa mapacha, wakamuimbia matusi mpaka akajificha mu mutungi wa maji, wakaimbia mutungi, mutungi ukapasuka kwa haya. Wanawake wakacheka, lakini mumoja mzee, macho makali, Sabina jina yake, hakucheka. Aliumia.

"Mutungi," alisema. "Nyinyi wa Gitega munapasua mutungi munafikiri mumefanya kitu. Hapa tulimuimbia Yohana mpaka akapanda juu ya nyumba."

"Ni uongo," nilisema.

"Mi niseme uongo? Nani aliimba mbele, si mi? Yohana mwenye miguu sawa majembe. Alipanda juu, akaanguka na majani ya nyumba, tukamuimbia tena chini."

"Juu ya mapacha wake?"

"Bukuru na Butoyi, basi nani? Watoto wazuri. Surua iliwachukua wote wawili, masikini." Akachagua haragwe mbaya akaitupa. "Na mama yao alikimbia na tumbo mpya. Tulisema, mwenye kuzaliwa atakuwa Ciza. Sijui kama alizaliwa."

Mi mudomo yangu ikakauka. Ni mara moja tu imefanya hivyo. Nikageuka kumuangalia Maître, naye alikuwa amekwisha kuacha mulango, anakuja na Ciza. Akachuchumaa mbele ya Sabina, sketi yake ya Gitega mu maganda ya maharage, akasema ku Kirundi, kwa heshima: "Mama, huyu njo alizaliwa." Wanawake wakaangalia chini. Nilijua wanafikiria shamba. Ciza naye akajua, akasema na Kirundi yake ya kuvunjika, kila neno inatoka kivyake, kama haombi shamba, hana nguvu ya kulima mbili, anaomba tu mutu mumoja aseme baba yake alikuwa nani, wasimutoe kwa watoto. Sabina akamuangalia muda murefu. Kisha akaniuliza mi: "We wa mutungi. Hii yote ulikuja kunitega?" Nikakubali: "Ego, mama." Akasema: "Vizuri. Nitakwenda. Lakini kwa gari, mi sitembei mpaka Muyinga."

Maître akapeleka jambo ya Ciza ku tribinali, na siku ya kesi chumba ilijaa. Mashemeji walikuja wamevaa makoti. Juji alikuwa mutu mupole mwenye miwani, na jasho. Shemeji mukubwa akasimama akasema: "Mheshimiwa, mwanamuke mzee yoyote unaweza kumuleta aseme jambo yoyote." Na ilikuwa neno yenye nguvu, juji akaiandika. Lakini Maître alikuwa amefikiria. Alileta wanawake wawili, na wawili wenyewe walikuwa hawasalimiani tangu siku mbuzi ya mumoja ilikula mihogo ya mwingine, hakuna anayekumbuka lini. Wa pili, Nyandwi, alikaa inje, chini ya ulinzi wa polisi na shangazi Zena, fasi hawezi kusikia. Sabina akaingia.

"Unajuaje kama huyu Yohana alizaa mapacha?" juji alimuuliza.

"Tuliimba."

"Muliimba nini?"

Sabina akatengeneza kitambaa yake ku kichwa. "Mheshimiwa, haiimbwi mbele ya mutu mwenye kusoma."

"Tribinali inataka kusikia."

"Tribinali itajuta."

"Imba, mama."

Akaimba. Sitaiandika hapa, wajukuu wangu wanasoma. Niseme tu kama alitaja miguu ya Yohana, akataja mbuzi ambazo zilikuwa zinamutisha, akataja paa ya nyumba, kisha akaingia mu mambo ya usiku na hakutoka haraka. Polisi wa pa mulango aligeukia ukuta. Juji alikuwa anaandika, akaacha kuandika, akavua miwani, akaisafisha wakati murefu sana. Mi nilijifunika mutandio wote, nilibakisha jicho moja.

Kisha wakaita Nyandwi, bila kumwambia kitu. Juji akamuuliza maswali yale yale, naye akakataa vile vile, akaombwa, akaimba. Miguu ile ile. Mbuzi zile zile. Paa. Na usiku wote, neno kwa neno, ukumbi sasa unauma midomo. Ila mwishoni Nyandwi akaongeza kipande moja Sabina alikuwa ameiruka, inasema nani alimushikia Yohana ngazi ya kupanda juu, na alitaka nini kwake.

Sabina akasimama toka benchi. "Ile kipande haikuwaka."

"Ilikuwaka," Nyandwi alisema, "ulikuwa unaicheza na kiuno."

"Mheshimiwa, anadanganya."

Maître akainuka, uso wake haina kicheko ata kidogo, sijui aliiweka wapi. Akasema: "Mheshimiwa, hawa mashahidi wawili hawapatani juu ya jambo moja tu, na ile haituhusu. Juu ya Yohana, baba ya Bukuru na Butoyi, na juu ya mimba iliyowafuata, wanapatana." Akakaa. Shemeji mukubwa akafungua mudomo, akaangalia wale wazee wawili, nafikiri aliona wanaweza kumuimbia na yeye, akaifunga.

Juji alitoka. Tulingoja. Ciza alikuwa ameshika watoto, mumoja kila mukono, anawashika sawa kuko upepo. Maître hakuwa anasoma kitu, alikuwa anaangalia wale watoto. Ile wakati ya kungoja njo mi nafikiri alichagua, ijapo yeye alisema mu duka yangu kama hakukumbuka kuchagua, alikumbuka tu kama kisha hapo hakurudia tena kesi za wafanyabiashara. Kazi yake yote iliyofuata, miaka yote ya watu wa mupaka, wamama waliozaa kambini, vijana wasiojua kama wao ni wa huku ao wa kule, na sasa hiki kiti kubwa, watu wanaisema na maneno marefu ya Kifaransa. Mi nilikuwa nimekaa benchi moja na yeye wakati inaanza, ananuka ndagala.

Juji akarudi, tukasimama. Akasoma ku Kirundi, polepole, kama Ciza ni binti ya Yohana wa Butihinda, na ni Murundi tangu kuzaliwa, na hakuna mwenye haki ya kumutoa mu inchi wala ku watoto wake. Watu wakaanza kelele, juji akapiga meza. Akamuuliza Ciza, sawa wanavyoulizaka, kama ako na neno ya kusema.

Ciza alikuwa analia, akajipangusa na kanga. Nilifikiri atashukuru. Akasema: "Mheshimiwa, naomba waimbe tena. Pale tu wanapomtaja baba. Sijawahi kumsikia mtu akimsema."

Chini ya benchi paka moja ilikuwa inajikuna. Juji aliangalia saa, akaangalia wakubwa wa ofisi ya wageni waliokaa nyuma, akaangalia tena Ciza. Kisha akaweka kalamu chini.

"Waimbe," alisema. "Yote."

Sabina na Nyandwi, ambao hawasalimiani, wakasimama pamoja katikati ya tribinali, wakaanza kupiga makofi. Walipofika pa Yohana mwenye miguu sawa majembe, Ciza aliinama akaangalia miguu yake mwenyewe mu kandambili, miguu mikubwa, mipana, imejaa vumbi ya Butihinda, na akacheka kwa sauti mu tribinali, na watoto wake, wasiojua sababu, wakacheka naye.